Swichi ya Feni Upande wa Abiria

Fikirini alikuwa chini ya gari tena. Mtaa wao pale Masasi ulishazoea kuona miguu miwili imechomoza kando ya tairi la mbele, na watoto waliotoka madrasa walipopita waliiamkia, "Shikamoo, miguu!" Huko chini sauti ikaitika marahaba, na spana ikaendelea kulia.

Gari lenyewe lilikuwa la Kijapani, la michezo, dogo, viti viwili tu, jekundu lililopauka kwenye boneti. Alilinunua kwa mhandisi mmoja wa utafiti wa madini aliyekuwa anarudi kwao, ambaye kwa muda wote aliokaa huku hakuthubutu kulitoa nje ya lami. Lilikuwa fupi kiasi kwamba mbuzi akisimama upande wa pili ulimwona kichwa na mgongo. Watu wakaliita Kandambili, na jina likaganda.

Wenye magari ya aina hii huko mijini huyashusha, yakakaribia kulamba barabara, ndiyo fahari yao. Fikirini alifanya kinyume, kwa sababu fahari haipiti kwenye mchanga. Alitafuta springi za gari jingine refu, akazikata, akaongezea vipande vya raba ngumu, Kandambili ikapanda kiganja kizima. Paa la asili lilikuwa limeoza. Fundi wa kushona maturubai ya malori akalishonea jipya, la kijani, zito, lisilopitisha hata tone. Breki akabadilisha zote. Plagi, mikanda na mipira ya maji akaagiza Dar es Salaam, vikaja kimoja kimoja na mabasi, vingine si vyenyewe vikarudi. Kichujio cha hewa akaweka kile cha wazi cha mashindano, kinachofanya injini ivute pumzi kwa sauti, na hapo kwa kweli hakukuwa na sababu yoyote ila raha yake.

Shida kubwa ilikuwa joto. Rejeta ya Kandambili ilitengenezwa kwa ajili ya nchi ya baridi, si kwa kupandia mlima wa Newala. Akatoa ile, akaweka rejeta kubwa ya gari la familia, akaongeza na feni ya pili. Kile kifaa kinachoiamuru feni iwake yenyewe kilikuwa kimekufa, na kingine hakikupatikana Masasi wala Mtwara. Fikirini kazi yake ni kufunga umeme wa majumba, na kwake swichi ni swichi. Akachukua ile ya ukutani, nyeupe, ya kuwashia taa ya sebuleni, akaifunga chini ya dashibodi. Upande wa dereva palijaa waya na pedali. Upande wa abiria palikuwa wazi, akaifunga huko, karibu na goti la anayekaa kushoto. Aliyekaa hapo siku zote alikuwa mkewe Yasmini, na Fikirini akiwa peke yake aliinama tu kidogo akabonyeza. Aliitazama kazi yake akajisifu, maana hakuna mwingine aliyekuwa anamsifu.

Sasa kwa nini mtu alale chini ya gari asubuhi, mchana na jioni, gari ambalo halina ugonjwa? Hapo ndipo penye neno. Yasmini alikuwa amejifungua mtoto wa pili, na mama yake, Bi Ziada, alikuwa ameteremka kutoka Chilangala, huko Newala, kuja kumtunza mzazi mpaka arobaini itimie. Nyumba ni ya vyumba viwili na sebule. Choo kiko uani, njia ya uani inapita jikoni, na jikoni ndipo Bi Ziada alipotandika mkeka wake.

Siku hizi adabu ya ukwe imelegea. Utawaona watu na wakwe zao wanakula sahani moja, wanapiga picha wameshikana mabega, wanataniana. Bi Ziada hakuwa wa huko. Kwake, mkwe wa kiume hashikwi mkono, hali chakula mbele ya mama mkwe, hapiti mahali mama mkwe alipokaa, na neno lolote linalozidi salamu lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Fikirini naye alilelewa na bibi yake kule Kitangari, katika mafunzo hayohayo. Kwa hiyo kila asubuhi alichuchumaa nje ya mlango, uso pembeni, "Shikamoo, mama," na ndani ikaitikwa, "Marahaba, baba." Baada ya hapo akajitupa chini ya gari. Chakula aliletewa hukohuko. Akibanwa na haja alikwenda kuomba choo kwa jirani yake Joel, mpaka Joel akaanza kuuliza kama na zamu ya kufagia watapeana.

Na kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Wiki ile ya kwanza Bi Ziada alimwita binti yake akamwambia, "Mwambie mwenzio, sasa mko wanne. Gari la watu wawili litawabeba wawili gani, limwache nani?" Yasmini akafikisha. Neno halikuwa na kasoro, na hicho ndicho kilichomuuma Fikirini, kwa sababu lingekuwa na kasoro angepata pa kulishikia. Dickson, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa na kirikuu, vile vigari vya mizigo ambavyo mbele vinapakia watu na nyuma vinapakia magunia ya korosho, matofali na mbuzi. Kirikuu chake kilikuwa kizima, na Dickson alikuwa anaitolea udenda Kandambili tangu siku nyingi. Wakakubaliana wabadilishane gari kwa gari, Jumamosi asubuhi. Fikirini alisema, "Sawa." Neno likishatoka kwa mama mkwe halina jibu jingine.

Lakini alilipenda lile gari, tuseme bila kuzunguka. Mke alimpenda na watoto aliwapenda, ila kila kitu kingine alichowahi kukitengeneza kilikuwa cha watu wengine, waya za nyumba za watu, taa za watu, na hili alilifumua na kulifuma mwenyewe likawa lake. Wiki hiyo alipolala chini yake hakuwa anakaza chochote. Alikuwa anaaga.

Jumatano, watu wametoka kuswali magharibi, simu ya Bi Ziada ililia. Alikuwa Ashiru, mkubwa wa kikundi cha wapulizaji wa salfa kule Chilangala. Mwezi wa saba mikorosho inatoa maua, na maua yasipopulizwa salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unayakausha yote na mwaka umekwenda bure. Bomba la kupulizia la kikundi ni moja, mashamba ni mengi, kila mtu ana zamu yake. Tena salfa haipulizwi ovyo. Inapulizwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaamka, ili unga ushike. Jua likishatoka unapuliza hewani tu.

"Mama Yasmini, zamu zimesogea," Ashiru alisema, kwa sauti ambayo hata Fikirini aliisikia kutoka nje. "Wawili wa mbele yako hawajapata salfa. Kesho alfajiri tuko kwako. Tusipokukuta tunaruka kwa Khalidi, na wewe utangoja mpaka mzunguko uishe."

Mzunguko uishe maana yake maua yameisha. Na mifuko miwili ya salfa ya Bi Ziada ilikuwa hapo Masasi, sebuleni. Fikirini ndiye aliyeinunua, kama mkwe anavyotakiwa kufanya kwa shamba la ukweni, na ilikuwa inangoja basi la wiki inayofuata.

Ikaanza hesabu ya usafiri. Magari ya Newala yalikuwa yameshaisha, na la kwanza la asubuhi lingefika jua liko juu. Bodaboda haikufaa, mama wa umri ule na mifuko miwili katika baridi ya mlimani. Likabaki gari moja. Joel akajitolea aliendeshe yeye ili adabu isivunjwe, lakini klachi ya Kandambili inashika juu kabisa, na mguu usioizoea unaona aibu. Joel akazima, akawasha, akaruka kama chura mpaka kwenye ua wa jirani, akazima tena, akarudisha ufunguo.

Yasmini, kitandani na mtoto kifuani, ndiye aliyekuwa posta.

"Mama, anasema gari ni zima, atakufikisha."

"Mwambie gari lina viti viwili."

"Anasema analijua hilo."

"Mwambie vimeshikana."

"Mama, na hilo analijua."

Bi Ziada aliiacha chai yake mpaka ikapoa. Mikorosho ile aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wake, na hakuna mwanamke wa ukoo wao aliyewahi kukosa kuvuna kwa uzembe. "Mwambie," alisema mwishoni, "awahi kuamka."

Usiku wa manane buti la Kandambili lilimeza mfuko mmoja likajaa. Wa pili ukawekwa mbele, Bi Ziada akaweka miguu juu yake, magoti yakampanda hadi karibu na kifua. Kisha akatoa khanga na pini, akaibana kwenye turubai la paa, ikateremka katikati ya viti viwili mpaka kwenye gia. Gari likawa na vyumba viwili, mkono wa gia ukawa mpakani. Fikirini alikuwa hakioni tena kioo cha kushoto, lakini alijiambia kwamba saa ile hakuna wa kumpita kushoto zaidi ya fisi.

Wakatoka. Lami ilikuja ikakatika, michepuko ya wajenzi ikawaingiza kwenye mchanga na mashimo, na springi zilizonyanyuliwa zikalipa gharama zake zote safari hiyo, maana tumbo la gari halikugusa popote. Fikirini alisikia meno yakigongana nyuma ya khanga na akajifanya hakusikia, kwa sababu kusikia nako ni aina ya mazungumzo.

Wakafika pale barabara inapoanza kuupanda mlima wa Newala. Fikirini alikuwa ameupanda mara nyingi, na kila mara chini ya mlima aliwasha feni. Mkono ulijiendea wenyewe kwa mazoea, ukaacha usukani, ukaelekea kushoto, ndipo akakumbuka. Mkono ukasimama hewani. Swichi ilikuwa upande wa pili wa khanga, karibu na goti, na goti lilikuwa la mama mkwe.

Aliurudisha mkono haraka, kana kwamba umegusa jiko la moto.

Mshale wa joto ulikuwa katikati. Alifikiria kusimama, azunguke, afungue mlango wa kule. Kisha afanye nini? Apige magoti, aingize kichwa miguuni pa Bi Ziada? Afadhali injini iungue. Akatoa simu ampigie Yasmini, Yasmini ampigie mama yake, lakini kwenye zile kona mtandao haukuwepo. Mshale ulipita katikati. Angeweza kusimama gari lipoe, ila gari linapoa taratibu na umande haumngoji mtu. Na akiendelea hivihivi, gasketi ya silinda hedi itakwenda, gari limekufa na mikorosho imekufa. Jasho lilimtoka, na baridi ilivyo.

Mshale ulipokaribia mstari mwekundu Fikirini alikohoa.

"Wewe gari," alisema, macho barabarani. "Una joto. Ungekuwa na mikono ungejiwashia feni mwenyewe. Swichi yako iko chini ya dashibodi, kushoto, nyeupe, kama za nyumbani. Inabonyezwa tu."

Injini ilivuta pumzi kwa ile sauti yake ya mashindano. Fikirini alianza kujuta, akijiona mwendawazimu anayeongea na bati. Kisha swichi ikalia, tak, na feni ikavuma.

"Gari," sauti ilitoka nyuma ya khanga, "aliyekufunga swichi hapo alikuwa anawaza nini?"

Fikirini akaupapasa usukani. "Gari, mwambie mgeni wako kwamba aliyeifunga hakujua kama siku moja utambeba mtu mkubwa."

"Gari, mwambie sasa ajue."

Mshale ukasimama. Wakapanda kona moja, mlima ukazidi kusimama, mshale nao ukaanza kunyanyuka tena, polepole. Ilibaki dawa moja, nayo ni kufungua hita mpaka mwisho, joto la injini liingie ndani kwa watu. Mchana hakuna abiria anayeikubali.

"Gari, nitakufungulia hita ili upumue. Mwambie mgeni avumilie, patakuwa na moto humu."

"Mgeni amekufa baridi tangu Masasi!" Bi Ziada alijibu moja kwa moja, halafu akagutuka, akaongeza upesi, "Gari."

Hewa ya moto ikaingia, ikaivimbisha khanga, ikafika miguuni juu ya mfuko wa salfa. Meno yaliyokuwa yakigongana yakatulia. Mshale ukateremka. Fikirini alisikia upande wa pili mtu anajinyoosha na kushusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu mama mkwe aingie nyumbani kwake, naye akashusha ya kwake.

"Gari," Bi Ziada alisema baada ya kitambo, "mtu akilala chini yako tangu mama mkwe anafika mpaka leo, anatengeneza nini?"

Fikirini alitaka kusema breki. Lakini kulidanganya gari lake mwenyewe, tena mlimani, aliona si busara. "Hatengenezi kitu," alisema. "Njia ya chooni inapita jikoni."

Nyuma ya khanga kukalipuka kicheko. Fikirini hakuwahi kukisikia kicheko cha Bi Ziada. Kilikuwa kikubwa na kibaya, cha mtu anayekabwa, na hakikutaka kuisha. "Mtoto wa watu!" alisema akijifuta. "Nami kila siku namwambia Yasmini, mumeo ana bidii! Ana bidii! Kumbe kibofu!" Fikirini naye akacheka mpaka usukani ukamchezea kwenye kona, akaacha kucheka kwa ajili ya usalama.

Walipofika juu, ukungu ulikuwa umelala barabarani, akaendesha kwa kunusa. Bi Ziada alisema kwa sauti nyingine, ya chini, "Gari, nikueleze jambo. Marehemu mume wangu alikaa ukweni maisha yake yote. Alimjengea mama yangu nyumba, alimlimia, alimchimbia kisima cha maji ya mvua. Mama hakupata kutoka kwake ila shikamoo. Alipokuwa anakata roho aliniuliza, 'Hivi yule bwana, akiongea na watu, anaongeaje? Anachekesha? Ni mkali?' Nikamwambia anachekesha. Akasema, 'Haya.' Nililia kwa ajili ya swali lile kuliko nilivyolilia kifo."

Fikirini akabadilisha gia taratibu, mkono usiguse khanga. Kisha labda kwa sababu ya giza, labda kwa sababu ya lile joto, akajikuta anasema.

"Gari, hili usimwambie mtu. Keshokutwa nakukabidhi kwa Dickson. Nimesema sawa, na ni sawa kweli, kwa sababu sisi tuko wanne na wewe una viti viwili. Lakini sitaki uondoke. Nitaumia sana, na sina pa kusemea."

Kisha Fikirini akahisi amevuka mpaka, akaukazia macho ukungu mpaka Chilangala.

Kundi la Ashiru lilikuwa limeshalinyanyua bomba kuelekea kwa Khalidi. Taa za Kandambili zilipotokea kwenye njia ya mchanga, wakalishusha. Mashariki palikuwa panaanza kupauka, majani yanadondosha maji. Bi Ziada alifungua mlango mwenyewe, akatoka kwa taabu, akaburuza mfuko na kutoa amri kabla hajasimama wima. Bomba likanguruma, unga wa njano ukapanda kwenye matawi, ukatanda, ukashuka na kushika.

Aligeuka akaliona gari, boneti wazi, lile lichujio la mashindano liko mdomo wazi karibu na wingu la salfa. "Ashiru!" aliita, ingawa Fikirini alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake. "Mwambie huyo kijana alifunike gari lake pua, litakula salfa!" Na bila kungoja Ashiru afikishe, akaichomoa khanga kutoka kwenye paa, akamrushia Ashiru, naye Ashiru akampa Fikirini. Fikirini akaifunga khanga kwenye kichujio, na shamba zima likapulizwa kabla jua halijachomoza.

Walirudi Masasi asubuhi ileile, kwa sababu ya mzazi. Khanga ilikuwa njano tupu, haifai kutundikwa, wakakaa bila ukuta, kila mmoja anaangalia dirisha lake. Kuteremka hakuhitaji feni. Nyumbani mambo yakarudi palepale, Bi Ziada jikoni, Fikirini chini ya gari, isipokuwa Ijumaa aliamka akakuta mkeka wa Bi Ziada umehamia barazani na njia ya uani iko wazi. Alikwenda chooni kama mwenye nyumba. Alikaa huko kidogo zaidi ya haja, akafikiri juu ya kesho, akatamani hata joto la mlimani.

Jumamosi Dickson alifika na kirikuu kimeoshwa mpaka magurudumu. Yasmini akamtolea chai. Fikirini akamwelekeza kila kitu, kwa sauti iliyonyooka: maji ya rejeta yaangaliwe kila asubuhi, klachi isikanyagwe kwa hasira, paa lisikunjwe likiwa na unyevu, na hii hapa swichi ya feni, usipande mlima bila kuiwasha. Dickson aliitikia huku akili iko kwingine. Alisema yeye atalishusha chini, ataweka spika kubwa, na hiyo swichi ya ukutani ataing'oa, inamtia aibu.

"Ya kwako sasa," Fikirini alisema. Wakasogea kwenye kirikuu, akampa ufunguo.

Dickson akarudi kwenye Kandambili, akazunguka upande wa abiria aitazame hiyo swichi kwa mara ya mwisho, akafungua mlango, akarudi nyuma. Bi Ziada alikuwa ameshaingia, amekaa ndani. Khanga kichwani, mkoba mapajani, miguu imepangwa vizuri, kama mtu aliyekata tiketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, tunataka kuondoka na gari."

"Mtafika salama," Bi Ziada alisema, asiondoke.

Dickson alingoja. Akakuna kichwa. Akamrudia Fikirini, aliyekuwa ameshachuchumaa pembeni, uso ardhini. "Ndugu yangu, mwambie mkweo ashuke."

"Mimi?" Fikirini aliuliza. "Mimi nimwambie mama mkwe ashuke? Dickson, mimi nina kwetu."

Hakuna siku aliyoishika adabu ya ukwe kama siku hiyo. Dickson akamwita Yasmini, Yasmini akatoka na mtoto begani, akainama dirishani.

"Mama, shuka basi. Si wewe uliyesema gari halitutoshi?"

"Nilisema. Na haliwatoshi. Mtapanda bajaji, kama mlivyokuwa mnapanda."

"Sasa wewe humo unafanya nini?"

Bi Ziada alitazama mbele kupitia kioo, si kwa binti yake wala kwa mkwe aliyechuchumaa. "Huyu mwanaume ni mkwe wangu mwaka wa saba," alisema. "Sauti yake nimeisikia humu. Kwenye kirikuu utakaa wewe katikati, utakuwa posta, nitarudi kwenye shikamoo mpaka mnizike. Mwambie Dickson amalize chai yake."

Dickson aliimaliza, kwa kuwa ilikuwa imeshamiminwa. Akauweka ufunguo wa Kandambili juu ya boneti, akapanda kirikuu chake, akaondoka bila kuaga vizuri. Fikirini hakuinua uso, kwa sababu adabu hairuhusu, na pia kwa sababu alikuwa analia, na Bi Ziada hakushuka mpaka kirikuu kilipokata kona.